Jibu: ramani ya mafuriko ya Ruzizi inaonyesha maji mlimani na kukosa mitaa ya Uvira

Ndugu wa Kadutu, nimesoma swali lako. Una picha mbili za Sentinel-1, satelaiti ya rada, ya kabla ya mvua na ya baada yake. Ramani yako inaonyesha maji kwenye miteremko ya mlima Ngomo na kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, huku mitaa ya Uvira iliyoingiwa na maji haina hata doa.

Anza na Kavumu, maana ndiyo inayotoa siri. Lami ni laini kama maji yaliyotulia: mawimbi ya rada yakiigonga yanaruka upande wa pili, hayarudi kwenye satelaiti, na mahali hapo panatokea peusi. Ila lami ilikuwa nyeusi hata kabla ya mvua. Kama imetokea kama mafuriko, basi ulikata kizingiti (namba inayotenga maji na nchi kavu) kwenye picha ya baadaye peke yake, na ile ya kwanza hukuitumia. Weka masharti mawili kwa pamoja: pikseli, yaani nukta moja ya picha, iwe chini ya desibeli -20 (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayorudi) kwenye VH, au karibu -16 kwenye VV, ambazo ni njia mbili za rada kupokea mawimbi, na iwe imeshuka angalau desibeli 3 tangu picha ya kwanza. Namba hizi ni za kuanzia tu. Chora histogramu (grafu ya idadi ya pikseli kwa kila thamani) ya eneo lenye ziwa na nchi kavu, utaona vilima viwili. Kizingiti chako kikae kwenye bonde kati yao.

Ngomo nayo huenda ikafutika kwa dawa hiyohiyo. Rada inatazama kwa ubavu, kwa hiyo mteremko mkali uliogeuzia satelaiti mgongo haupati mawimbi, nao unakuwa mweusi. Kivuli hicho hakihami, mradi picha zote mbili zimepigwa kutoka njia moja. Ukichanganya ya alfajiri (satelaiti ikishuka kusini) na ya jioni (ikipanda kaskazini), vivuli vinabadilisha upande na mlima mzima unageuka "mafuriko". Fungua maelezo ya faili: mwelekeo wa kupita na nambari ya obiti, yaani ya njia ya satelaiti ("relative orbit"), vifanane. Kisha chukua modeli ya mwinuko (ramani ya kimo cha ardhi) ya Copernicus ya mita 30, ufute kila pikseli yenye mteremko unaozidi digrii 5, na kila iliyo zaidi ya mita 15 juu ya mkondo ulio karibu nayo. Hiyo inafaa kuanzia Kamanyola kushuka, ambako bonde linafunguka. Juu ya Kamanyola, Ruzizi inapita kwenye makorongo. Huko mimi ningeacha rada kabisa.

Kama konekshoni ni ya kubahatisha, usipakue faili nzima, maana moja inakaribia gigabaiti 1. Kwenye Google Earth Engine, huduma ya kuchakata picha za satelaiti mtandaoni, picha za Sentinel-1 zimekwisha kusahihishwa obiti, kelele, kipimo na mwinuko. Unafanyia hesabu hukohuko na kupakua matokeo ya megabaiti chache. Chujio la madoadoa ya rada bado ni kazi yako. Na ukitaka wastani wa picha kadhaa za kiangazi, rudisha desibeli kwenye thamani za kawaida kwanza, upige wastani, ndipo urudi kwenye desibeli. Au tumia mediani (thamani ya katikati), usumbufu uishe.

Sasa Uvira, na hapa hakuna kizingiti kitakachokuokoa. Mto Mulongwe, unaopita mjini humo, unashuka kutoka milima mirefu hadi ziwani kwa kilomita chache tu. Maji yanakuja na kuondoka ndani ya saa kadhaa, na Sentinel-1 ikiwa moja inarudi njia ileile baada ya siku 12. Ikifika, inakuta mawe na mchanga, navyo vina mikwaruzo, vinarudisha mawimbi, vinatokea vyeupe. Hata pale maji yanapobaki kati ya nyumba, mawimbi yanagonga maji, yanagonga ukuta, yanarudi yakiwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo mtaa uliozama unaweza kuonekana mkavu kuliko jana yake.

Mito ya mlimani tafuta kovu lake, usitafute maji. Chukua picha za Sentinel-2 (satelaiti inayopiga kwa mwanga wa jua, si rada) za kabla na baada, kokotoa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, yaani (B8 − B4) / (B8 + B4), B8 ikiwa bendi ya infraredi na B4 nyekundu, na uangalie iliposhuka kwa zaidi ya 0.2. Mashamba yaliyolimwa na majani yaliyochomwa pia yatashuka. Ya kuchomwa utayatenga kwa B4 yenyewe: tope na mawe mapya yanang'aa zaidi ya awali kwenye bendi hiyo, mahali palipoungua panakuwa peusi. Shamba lililolimwa ni gumu zaidi. Bakiza tu vipande vilivyoungana na mkondo. Kwa Aprili 2020 Uvira, au Mei 2023 Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, njia hii ndiyo inayotoa kitu cha maana, kwa sababu tope linabaki wiki nyingi na unaweza kungoja mawingu yafunguke.

Mtego mmoja hapo: tangu Januari 25, 2022, faili za Sentinel-2 zimeongezewa 1000 kwenye kila thamani. Ukilinganisha picha ya 2020 na ya 2023 bila kutoa hiyo 1000, NDVI itashuka Kivu nzima na utadhani msitu umekatwa. Kwenye Earth Engine chagua mkusanyiko ulioandikwa "harmonized".

Mafuriko ya pwani ya ziwa Tanganyika na ya Gatumba, upande wa Burundi, ni jambo jingine kabisa. Ziwa linapanda polepole na kukaa miezi, Ruzizi inakosa pa kumwaga, na hapo Sentinel-1 inafanya kazi vizuri sana, isipokuwa kwenye matete: maji chini ya mashina yanang'arisha picha, kwa hiyo tafuta pia palipopanda desibeli 3. Siku ya upepo, ziwa lenyewe linapoteza weusi. Tupa picha hiyo. Kimo cha ziwa chukua kutoka kwa satelaiti za altimita, ila linganisha kupanda na kushuka tu, kwa sababu sifuri yao si sifuri ya kipimo cha bandari ya Kalundu.

Mto Kawa, hapa mjini Bukavu, sahau. Mto wa mita chache ndani ya pikseli ya mita 10 umechanganyika na mabati na ukuta. Upana wa mto unapimika vizuri ukifika pikseli tatu au nne. Takataka zinazoelea Ruzizi nazo ni hivyohivyo.

CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotokana na satelaiti na vituo, ina pikseli ya kilomita 5 na nusu hivi: moja inaweza kubeba kilele cha mlima na ufuko kwa pamoja. Itumie kulinganisha misimu, usiitumie kueleza usiku mmoja wa Mulongwe.

Kabla ya kupima eneo, hamisha kila kitu kwenye EPSG:32735, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, unaofaa Bukavu, Uvira na Bujumbura pia. Ukiacha kwenye digrii, jumla ya hekta itakuwa upuuzi. Ukikwama, andika hapa tarehe, mwelekeo na nambari ya obiti ya picha zako mbili.