Re: insha yangu ya magonjwa ya mlipuko kwenye vitabu na muvi, nianzie wapi?

Mkuu, umesema insha ni ya chuo na umeshacheki muvi za mazombi kama sita hivi. Hizo weka pembeni kwanza, zombi ni kukimbizana tu mpaka mwisho.

Anza na La Peste (yaani Tauni), riwaya ya mwandishi Mfaransa Albert Camus, ya 1947, mji ni Oran kule Algeria. Angalia pale mwanzo, daktari anatoka ofisini kwake anakanyaga panya mfu kwenye ngazi, anamwambia mlinzi wa jengo, mzee anakataa katakata et humu hamna panya, watakuwa wahuni wamemletea. Halafu wakubwa wa mji nao wanazungukazunguka weee hawataki kulitamka neno tauni, wakati watu wanakufa. Hapo una kurasa mbili za insha bila jasho.

Kwa muvi chukua Contagion ya 2011. Inaanza skrini nyeusi, unasikia kikohozi tu. Na inaanzia siku ya pili ya ugonjwa, siku ya kwanza ulipoanzia wanakuwekea mwisho kabisa: popo, nguruwe, mpishi anajifuta mikono kwenye aproni badala ya kunawa halafu anapeana mkono na mteja, basi.

Na usisahau nyumbani bana, ile tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds si tulisoma sekondari? Ukimwi mule hauonekani sana, kinachotesa ni barua aliyoiacha Furaha, binti aliyekufa kwa Ukimwi, na wazee wenye heshima zao wanavyotetemeka wakidhani majina yao yamo kama watu waliolala naye. Mi ningeilinganisha na yule mzee wa panya.