Gari mbili, ubingwa mmoja: nani amwachie nani?

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Hapa Area C tuko watu kama kumi tunaoangalia Formula 1 pamoja, na mpaka leo hatujapatana kuhusu mbio za Monza, Italia, za mwaka 2025. Piastri alikuwa wa pili, Norris wa tatu, wote madereva wa McLaren, na timu ikamwambia Piastri ampishe mwenzake. Wengine wanasema ni upendeleo mtupu kwa Norris, yule Mwingereza, wengine wanasema haki ndiyo hiyo. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Kila upande umeshika nusu ya habari. Siku ile, saa 10 jioni kwa saa zetu, Verstappen wa Red Bull alikuwa ameshachomoka peke yake. Nyuma yake Norris, kisha Piastri. Kwa kawaida ya McLaren, dereva aliye mbele ndiye anayetangulia kuingia piti, yaani kituo cha kubadilishia tairi. Kawaida hiyo ina sababu: anayetangulia kuvaa tairi mpya anapata mzunguko mmoja au miwili ya kasi wakati mwenzake bado anaburuza zilizochoka, na mwenzake akija kutoka piti anaweza kujikuta nyuma. Safari hii zamu iligeuzwa. Piastri aliingizwa kwanza ili Leclerc wa Ferrari aliyekuwa akimfuata asipate mwanya, na Norris akakubali kwa maelewano kwamba nafasi yake haitaguswa. Piastri alikaa sekunde 2 hivi. Mzunguko uliofuata akaingia Norris, tairi moja la mbele likagoma kufungika, akakaa karibu sekunde 6. Akatoka wa tatu.

Hapo pana mambo mawili, na watu huyapika chungu kimoja. Kugeuza zamu ni uamuzi wa timu. Tairi kugoma ni ajali ya kazi. Kinachochukuliwa na uamuzi wa timu kinaweza kurudishwa. Kinachochukuliwa na bahati mbaya hakirudishwi. Wiki moja kabla, Zandvoort, gari la Norris lilivuja oili akiwa wa pili, akaliegesha likitoa moshi. Pointi 18 zikaenda hivyo hivyo, na hakuna aliyemwambia Piastri afidie. Ilikuwa sawa kabisa. Ndiyo maana Piastri alisema redioni pale Monza kwamba walishaelewana kuwa piti ya polepole ni sehemu ya mbio. Kisha akapisha.

Msimamo wetu: timu ilipaswa kutimiza ahadi yake kwa Norris, lakini ahadi yenyewe haikuwa nzuri. Chukulia Norris angeingia kwanza kama kawaida na tairi likagoma vilevile. Piastri angeingia mzunguko uliofuata, akatoka mbele, na pasingekuwa na la kujadili. Kugeuza zamu ndiko kulikompa Norris kinga ambayo asingekuwa nayo.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wengi watashika vichwa. Nafasi ya pili ni pointi 18, ya tatu 15. Kabla ya Monza Piastri alimzidi Norris kwa pointi 34. Baada ya kupishana zikawa 31, badala ya 37. Msimu ukaisha Norris 423, Verstappen 421, Piastri 410. Mwondolee Norris zile pointi 3 na uache mengine yote yalivyo: anabaki na 420, na bingwa ni Verstappen. Ni hesabu ya karatasini tu, maana mbio zilizofuata zingeendeshwa kwa presha nyingine. Lakini nafasi moja ya Septemba ilikuwa na uzito huo.

Na hao wa "upendeleo kwa Mwingereza" waulizeni kuhusu Hungaria 2024. Siku hiyo Piastri aliongoza, timu ikamwingiza Norris piti kwanza, Norris akatoka mbele. Akaombwa arudishe. Alivutana na mhandisi wake redioni mizunguko mingi, kisha akapisha mzunguko wa 68 kati ya 70. Aliacha pointi 7, na Piastri akapata ushindi wake wa kwanza.

SWALI: Je, sheria inaruhusu timu kumwamuru dereva aachie nafasi? Mimi nilidhani ni kosa.
Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

JIBU: Inaruhusu. Unakumbuka kipindi cha katikati, ilipokuwa marufuku. Mwaka 2002 kule Austria, Barrichello wa Ferrari alimpisha mwenzake Schumacher hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia, na uwanja mzima ukazomea. Amri za timu zikapigwa marufuku kuanzia 2003. Mwaka 2010 Ferrari hao hao walimfumbia Massa kwamba Alonso ana kasi kuliko yeye, Massa akapisha, timu ikatozwa dola 100,000. Marufuku iliondolewa msimu wa 2011, kwa kuwa kila timu ilikuwa imejifunza kusema kwa mafumbo. Jambo la kuchekesha: faini ya dola milioni 1 waliyotozwa Ferrari mwaka 2002 ilihusu vurugu za jukwaani, Schumacher alipompandisha mwenzake ngazi ya juu. Kupishana kwenyewe hakukutozwa hata senti.

SWALI: Kwa nini wasipokezane tu, leo wewe kesho mimi? Yote yangeisha.
Mama wa watoto wawili wa kiume, Nkuhungu

JIBU: Mama, wewe unajua kuliko sisi kwamba kupokezana nako kunahitaji mwamuzi. Mwaka 2007 McLaren, madereva wakiwa Alonso na Hamilton, walikuwa na utaratibu huo huo. Enzi zile, kipindi cha mwisho cha kufuzu, cha kupanga nafasi za kuanzia mbio, kilianza na mizunguko ya kuchoma mafuta, na anayetangulia alipata mzunguko mmoja zaidi. Faida hiyo waliipokezana. Hungaria ilikuwa zamu ya Alonso. Hamilton akakataa kumpisha. Alonso naye, wakati wa kubadilisha tairi, akaganda kwenye kisanduku chao huku Hamilton akisubiri nyuma yake, hadi muda wa Hamilton wa kupiga mzunguko wa mwisho ukaisha. Alonso akashushwa nafasi 5, na timu ikanyimwa pointi zake za mbio hizo. Mwisho wa msimu wote wawili walikuwa na pointi 109. Räikkönen wa Ferrari alikuwa na 110.

SWALI: Shikamooni. Mmiliki wetu ana gari mbili za mbio za vumbi, madereva wawili wanaowania kombe moja la klabu, mafundi wanne, tairi za akiba sita na shokapu moja ya akiba. Kila raundi ikiisha ni lawama. Tugawe vipi?
Fundi magari, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba, fundi. Andikeni kabla ya raundi ya kwanza, madereva wote wawili waweke saini. Kanuni inayotungwa baada ya tatizo huwa na jina la mtu ndani yake.

Tairi ndizo zinazoleta maneno mengi, tuanze nazo. Pimeni kina cha kashata kwa venia (kipimo cha milimita) sehemu tatu: ukingo wa nje, katikati, ukingo wa ndani. Andikeni namba kwa chaki ubavuni. Tuseme mmepata milimita 8, 8, 7, 7, 6 na 6: fanyeni mafungu mawili, kila moja lina 8, 7 na 6. Kisha ni kama nyama ya nyumbani, aliyekata hachagui kwanza. Upepo pimeni kwa geji moja kwa gari zote, kwa sababu geji mbili za bei rahisi zinaweza kupishana psi 2 au 3. Na pimeni asubuhi, tairi zikiwa kivulini. Joto la tairi likipanda nyuzi 10, upepo hupanda psi 1 hadi 2. Kwa jua la Dodoma la saa 6 mchana, gari lililoegeshwa juani litasoma tofauti na lililo chini ya mti, na mtu ataapa kwamba amehujumiwa.

Nati za magurudumu zikazwe na fundi mmoja kwa gari zote mbili. Atumie spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, akaze kwa msalaba, si kwa kuzunguka duara. Gari nyingi ndogo zinataka Nm 100 hadi 120, ila fuata kitabu cha gari lako. Futa vumbi kwenye uso wa rimu kabla ya kufunga. Chembe za mchanga zikibanwa pale, zinasagika gari likitembea na nati inalegea. Rudia kukaza baada ya kilomita chache, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika kila mtu anaona, wala huhitaji kumtuhumu mtu.

Mafuta: dumu moja, kipimo kimoja. Lita 10 za petroli ni karibu kilo 7.5, kwa hiyo "nimemwongezea kidogo" ni uzito halisi.

Nani aanze kwanza barabarani ni pagumu kuliko panavyoonekana. Mkiachiwa na mwandaaji mpange wenyewe, msipokezane kwa kuhesabu raundi tu. Kiangazi, anayetangulia anafagia changarawe legelege, tairi zake zinateleza, na anayefuata anapata njia safi, ilimradi vumbi limetua. Mvua zikinyesha mambo hugeuka: wa kwanza anakuta udongo bado umeshikana, wa nyuma anakuta makorongo na tope. Sasa tuseme raundi zenu ni nne na zinaangukia kiangazi, mvua, kiangazi, mvua. Ukipokezanisha kwa raundi, mtu yule yule atafagia changarawe mara zote mbili, na mwenzake atatangulia kwenye udongo mzuri mara zote mbili! Rusheni shilingi mara mbili, moja kwa raundi za kiangazi na moja kwa za mvua, kisha mpokezane ndani ya kila kundi. Na asubuhi isiyo na upepo vumbi linaning'inia. Ombeni nafasi ya dakika 2 au 3 kati ya gari na gari badala ya 1.

Hiyo shokapu moja, kumbukeni Red Bull pale Silverstone 2010. Walibaki na bawa la mbele moja la aina mpya, wakalitoa kwenye gari la Webber wakampa Vettel, kwa maelezo kwamba Vettel alikuwa juu kwa pointi. Kigezo hicho kinatumika, ila kitangazwe mapema. Webber alishinda mbio zile, na uhusiano ukabaki na ufa. Sisi tungesema: nusu ya kwanza ya msimu, apewe anayevunjikiwa kwanza; nusu ya pili, apewe aliye mbele kwa pointi. Tarehe ya kubadilika iandikwe.

Amri za redioni ziwe tatu tu, na maneno yake yasifanane kwa sauti: "shikeni" (kila mtu abaki nafasi yake), "huru" (shindaneni), "badilisheni" (pishaneni). Red Bull walikuwa na namba za siri, na Malaysia 2013 waliwapa madereva ile ya kuwa gari namba 2, la Webber, limalize mbele ya namba 1. Vettel alielewa vizuri sana, na akampita. Kwa hiyo andikeni pia adhabu ya anayekaidi. Bila hiyo, maneno matatu ni ushauri tu.

SWALI: Qatar 2025 McLaren hawakumwita piti hata mmoja wa madereva wao wakati gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa wote, limeingia barabarani. Ilikuwa kuogopa kumpendelea mmoja?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Timu ilisema haikutarajia karibu kila mtu aingie piti. Lakini namba zilikuwa wazi. Mbio zilikuwa za mizunguko 57, na kila seti ya tairi ilipewa ukomo wa mizunguko 25. Gari la usalama liliingia barabarani mzunguko wa 7, na wakati huo kuingia piti hakupotezi muda mwingi. Inabaki 50, yaani 25 mara mbili kamili. Aliyeingia pale alibakiza piti moja, McLaren wakabakiwa na mbili. Wangeita wote wawili kwa pamoja, Norris angesubiri nyuma ya Piastri sekunde kadhaa na kupitwa na watu. Wangemwita mmoja, mwingine angelalamika. Waliwaacha wote: Verstappen akashinda, Piastri wa pili, Norris wa nne.