Kwa aliyeuliza kwa nini hospitali ya kanisa imemdai hela

Mkuu, pole sana na mgonjwa. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Umehamia Dar mwaka huu kutoka Songea, mama kaugua usiku, ukamkimbiza hospitali ya kanisa ukijua Wakatoliki wenzako watakuelewa, ukakuta dirisha la malipo kama kwingine. Sasa unauliza sadaka zetu zinaenda wapi. Hapo juu wamekujibu kwa hasira, wengine kwa mistari ya Biblia. Mimi nilikuwa katibu wa jumuiya, yaani kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, huku Mbagala kwa miaka sita, nitakujibu kwa yale niliyoyaandika daftarini kwa mkono wangu.

Sadaka ya Jumapili haiendi hospitali. Inalipa umeme wa parokia, katekista, ujenzi usioisha (kuna parokia gani Dar isiyojenga?), na sehemu inapanda jimboni. Hospitali ina kapu lake: mishahara, dawa, mafuta ya jenereta. Mwaka 1992 TEC (baraza la maaskofu Wakatoliki) na CCT (umoja wa makanisa ya Kiprotestanti) waliwekeana mkataba na serikali, ikaundwa pia CSSC, tume yao ya pamoja ya kuratibu afya na elimu, ndiyo maana kuna hospitali za kanisa zenye watumishi wanaolipwa na serikali na zinazopata ruzuku. Ila nyingi ya hizo ni hospitali teule, yaani za kanisa zilizoteuliwa kuwa hospitali ya wilaya huko ambako ya serikali haikuwepo. Hapa mjini serikali ina Temeke, Amana, Mwananyamala. Usitegemee hospitali ya kanisa ya Dar iwe na unafuu kama ile uliyoizoea kwenu.

Msaada wa bure upo, lakini unaanzia kwenye jumuiya. Yetu ilikuwa inasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila wiki nyumba ya mtu, viti vya plastiki vya kuazima, watoto wanasinzia. Baada ya sadaka kikapu kilikuwa kinazunguka tena, hicho sasa cha wagonjwa. Kuna ukurasa siusahau: "Bibi wa geti la bluu, mchele kilo 5, sabuni miche 2, nauli ya kliniki 4,000." Mfuko mzima siku hiyo ulikuwa na 17,500. Yule bibi alikuwa Muislamu, na hakuna aliyeuliza. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alisema tu, "Huyu ndiye anayetuangalizia watoto tukiwa kazini."

Shida ikizidi kikapu, mwenyekiti anaandika barua, inakwenda kwa kamati ya Caritas ya parokia, ile ya misaada, au kwa Wavinsenti, chama cha waumini wanaosaidia maskini. Hao wa Mtakatifu Vinsenti wanakuja wawili wawili nyumbani kwako, wanakaa, wanaangalia hali. Usione aibu, wala usifiche godoro.

Na hapa niseme kosa langu. Alikuja binti na mtoto mgongoni kuomba barua. Nikamuuliza kadi ya zaka, ile inayoandikwa michango ya muumini, hana. Nikamwambia aanze kwanza kuhudhuria, tumfahamu. Nilikuwa nafuata utaratibu, na kweli matapeli wa barua tulikuwa tumeshawapata wawili. Hakurudi. Baadaye nilimkuta kwenye usharika wa Kilutheri nilikoalikwa siku ya mavuno, ile siku wananadi kuku na mikungu ya ndizi, yai moja linanunuliwa elfu kumi, linarudishwa, linanadiwa tena. Alikuwa kwenye foleni ya watu wa diakonia, wale wanaohudumia wahitaji, na mfuko wake wa unga. Akanipa shikamoo vizuri kabisa. Nilikosa pa kuangalia.

Kwa hiyo wewe wasikutishe na kadi. Piga simu parokia yako ya Songea wakupe barua ya utambulisho, hata ikija kwa picha ya WhatsApp inatosha kuanzia. Deni la hospitali nenda kaongee na uongozi, omba kulipa kidogo kidogo, usikimbie na mgonjwa. Matibabu yanayoendelea mhamishie hospitali ya serikali na uchukue barua ya serikali ya mtaa umpelekee afisa ustawi wa jamii pale pale hospitalini. Umesema mama ana miaka 67, na mzee asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu. Yule aliyekuuliza chini kuhusu ndugu yake mwenye VVU, mwambie aende PASADA, kituo cha kanisa cha kuhudumia wenye VVU, Chang'ombe. Iko chini ya Jimbo Kuu, ilianzishwa 1992 na kikundi kidogo cha watu wenyewe waliokuwa wakiishi na virusi, na dini hawaulizi.

Leo Alhamisi. Muulize mama mwenye nyumba wako jumuiya ya karibu inasali kwa nani keshokutwa. Ukichelewa ukakuta rozari imeshaanza, kaa tu nyuma, matangazo huwa mwishoni.