Barua kwa mwanangu: kilichoko ardhini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya kutoka Nairobi tumeipata, nimeisoma na baba yako naye kaisoma. Umeniuliza kwa nini watafiti wa vituo vya CGIAR, huo mtandao wenu wa kimataifa wa utafiti wa kilimo, wanayapinga mageuzi hata pale yanapowapunguzia makaratasi, na kwamba wewe, uliyewekwa kwenye timu ya kuunganisha vituo, uwaambie nini wakuelewe. La kuwaambia nini sina. Nitakujibu la kuwauliza nini, kwa sababu neno langu unalijua tangu uko sekondari: msimu hausubiri kikao.

Hebu piga hesabu. Chukua muhogo uliochavushwa 2016. Kuuchuja, kuuzidisha kwa pingili, kuujaribu vituoni kisha kwenye mashamba ya wakulima, ni miaka minane hadi kumi. Mwaka huo mtandao wenu ulikuwa unafunga awamu ya kwanza ya programu za utafiti zilizoanza 2011. Ukaingia awamu ya pili 2017, ukaifunga 2021. Ukaanza mipango mingine 2022, nayo ikafungwa mwisho wa 2024. Sasa mna ya 2025 hadi 2030. Muhogo ni ule ule, umepita mikono minne na fomu nne za ripoti. Ukimwona mtafiti anakunja uso ukimletea mchoro mpya wa idara, usiseme anaogopa cheo chake kupotea. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini wengine wana kitu ardhini.

Unamkumbuka yule mzee wa bondeni aliyetupa eneo la kujaribu aina za muhogo, kila aina mstari wake, uliyekuwa ukitumwa kumpelekea chumvi? Mwaka ule mradi wa kanda uliokuwa ukituletea fedha uliunganishwa na mwingine. Siutaji jina, na baadhi ya waliouendesha wameshatangulia mbele za haki. Ikaja barua: shughuli zote zisimame mpaka timu mpya ipange vipaumbele. Mihogo ilikuwa na miezi kumi na moja. Na ugonjwa tuliokuwa tukiufuata ni michirizi kahawia, ambao kwa nje unakudanganya. Jani lina manjano kidogo tu, mzizi ukiushika ni mzima, mpaka uukate ndipo unakuta madoa ya kahawia, makavu, katikati ya nyama nyeupe. Ndiyo maana kila mzizi hukatwa na kupewa alama, kuanzia 1 kwa uliosalimika hadi 5 kwa ulioharibika kabisa. Ukikawia, kuoza kunazidi na alama zako huwezi tena kuzilinganisha na za kituo kingine.

Dizeli hakuna, fedha ya vibarua hakuna. Asubuhi moja mzee akagonga mlango, na wewe ndiye uliyemfungulia. Baiskeli ilikuwa na magunia nyuma. Vibao vyetu vya mbao vilikuwa vimeliwa na mchwa, na yeye bila kuambiwa na mtu alikuwa amefunga ukindu wenye mafundo kwenye mashina: fundo moja mstari wa kwanza, mawili wa pili, akaenda hivyo hivyo hadi mwisho. Aling'oa mwenyewe, kila mstari na gunia lake, akawa anakwenda na kurudi mpaka jua likazama. Nikakaa barazani na kisu cha jikoni, nikikata na kuandika. Mstari wa kwanza madoa, wa pili madoa, wa nne umeoza kiasi cha kutia huruma. Wa saba ukatoka mweupe. Mzizi wa kwanza mweupe, wa pili mweupe, yote mieupe. Yule mzee aliupokea mkononi mwangu mzizi wa mwisho akaugeuza geuza kimya. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ya jioni ile.

Timu mpya ilipokuja, msimu mwingine ulikuwa umeshapita. Kijana wao wa takwimu, mpole kabisa, akalifunua daftari langu akaniambia: mama, takwimu hizi hazina mradi. Bajeti ya jaribio lile ilikuwa imefungwa, na mfumo wao haukuwa na mahali pa kuliingiza. Hazina mradi! Muhogo mweupe katika bonde lililojaa ugonjwa, hauna mradi! Mstari wa saba haukuingia majaribio ya taifa. Mzee aliendelea kuupanda hadi alipofariki, kisha shamba likauzwa. Mpaka leo nikipita pale moyo unaniuma.

Najua utasema: mama, hayo ndiyo hasa tunayataka yaondoke, tuwe na mfumo mmoja wa takwimu na mfuko mmoja ili jaribio lisiwe yatima. Ni kweli, na hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Huko kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima uliyokuwa ukiiona ukienda shule, miaka ya 1930 watafiti Storey na Nichols walianza kuchavusha muhogo na mpira pori wa jamii yake, wakitafuta kinga ya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Kazi ile ikasimama miaka ya 1950, lakini mbegu zilikuwa zimepelekwa Nigeria. Miaka ya 1970 IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, ikazitumia, na humo ikatoka aina ya TMS 30572. Batobato kali ilipoikumba Uganda miaka ya 1990, aina hiyo, wenyewe wakiiita Nase 3, ikawa miongoni mwa zilizowarudishia watu chakula. Kila kituo kingejifungia na mbegu zake, hayo yangetokea wapi? Hapo Nairobi unapokaa, ILRAD ya Kabete, maabara ya magonjwa ya mifugo, iliunganishwa na ILCA, kituo cha mifugo cha Addis Ababa, 1994 ikazaliwa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, na kampasi zote mbili zipo hadi leo. Kwa hiyo siwezi kusema kuunganisha ni kuua.

Lakini bado. Amani ilisimama na mbegu zikapona kwa sababu kuna mtu alizifungasha na mwingine akazipanda upande wa pili. Mnapopunguza wafanyakazi, wa kwanza kuondoka ni dereva na fundi wa shamba, maana mkataba wake ni mfupi na kumkata ni rahisi. Mipaka ya vitalu anaijua yeye. Meneja mpya hatajua mstari wa saba unaanzia wapi.

Basi ukienda kituoni usianze na kuwaambia. Waulize: kuna nini ardhini sasa hivi, kitavunwa mwezi gani, daftari liko kwa nani, na vibarua wa siku hiyo analipa nani. Majibu yaandikwe kabla hamjaandika nani anaripoti kwa nani. Na fungu la msimu uliokwisha kuanza lisiguswe mpaka mavuno yapimwe, hata kama mkubwa mpya ana vipaumbele vyake. Msimu hausubiri kikao, mwanangu, hata kikao kizuri.

Umeniuliza pia, mwishoni kabisa mwa barua, kama naona umoja huu wa vituo ni sahihi. Ulimi unaniwasha. Baba yako hapa ananiangalia, maana nilimwahidi sitakuamulia kazi yako, na nikisema utaingia kikaoni na maneno yangu badala ya yako. Nivumilie mpaka nione mihogo mtakayoichavusha sasa mmeifikisha wapi 2030. Nina maneno, lakini nayashika.

Kaka yako anakuja huko mwisho wa mwezi, nimempa lile daftari akuletee. Mtafute mtu wa takwimu aliingize. Akikuambia halina mradi, mwonyeshe tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna na alama za kila mzizi, kisha umwombe aingize hivyo hivyo.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako