Kufuma Skafu Yenye Sura ya Milima

Skafu yangu ya kwanza ya mandhari niliibuni kana kwamba ni picha ya kutundikwa ukutani: milima mitatu, jua linalozama na miti kadhaa upande wa chini. Niliifuma kwa majuma mengi, lakini nilipoizungusha shingoni milima ilikunjika, jua likajificha chini ya kidevu, na kilichobaki ni mabaka ya rangi pamoja na nyuzi zilizoning'inia upande wa nyuma, ambao katika skafu haufichiki.

Tangu hapo, kabla sijashika sindano, hujiuliza ni kitu gani katika mandhari kitakachosalia kitambaa kikishakunjwa. Kwa milima, jibu langu ni mfuatano wa rangi. Safu za milima hupauka kadiri zinavyokwenda mbali, na ile ya mwisho hukaribia kufanana na anga; kwa hiyo nyuzi nne au tano za buluu na kijivu, zikipangwa kutoka iliyokolea hadi iliyofifia, hutosha kuonyesha umbali bila kuchora kilele hata kimoja. Nyuzi hizo huzipiga picha ya rangi nyeusi na nyeupe, na mbili zikionekana sawa, moja huiondoa, hata kama ndiyo niipendayo zaidi.

Mwelekeo wa kufuma nao una uzito. Skafu iliyofumwa kwa upana huwa na mistari iliyolala inaponing'inia kifuani, lakini mistari hiyo husimama wima skafu inapozungushwa shingoni. Mimi nilitaka upeo wa macho uzunguke shingo, hivyo nilifuma kwa urefu. Kipande changu cha majaribio, nilichokipima baada ya kukifua na kukikausha kwa sababu sufu hubadilika ikilowa, kilikuwa na vitanzi 22 katika sentimita 10. Skafu ya sentimita 180 ikahitaji vitanzi 396, ambavyo vilienea tu kwenye sindano ya mzunguko yenye waya mrefu.

Nilitumia kitanzi kilekile cha kawaida (knit) katika kila mstari, upande wa mbele na wa nyuma, kwani kingo za kitambaa cha namna hiyo hazijikunji. Penye mabadiliko ya rangi, upande mmoja hutoa mstari ulionyooka, ilhali upande wa pili rangi mbili huingiliana kwa vitone vidogo. Mwanzoni niliviona vitone hivyo kuwa kasoro. Kwa mbali vinafanana na ukungu, na huo ndio upande ninaouvaa nje.