Jiucai hezi nyumbani: chunga maji ya mboga

Kama unajua kusukuma chapati, unga wa jiucai hezi hautakusumbua. Kinachowashinda wengi ni maji. Mboga mbichi ikikutana na chumvi hutoa maji, na maji hayo yakilowesha unga, mkate unapasuka hata kabla haujafika kikaangoni. Kwa hiyo karibu kila nitakachosema hapa kinahusu namna ya kuyadhibiti.

Kwa asiyeijua: jiucai hezi ni mkate mwembamba wa ngano unaokunjwa nusu mwezi. Ndani huwekwa majani ya jiucai, mayai na tambi nyembamba za choroko, kisha hupikwa kwa mafuta kidogo sana. Ni chakula cha kaskazini mwa China, kuanzia Shandong, Hebei na Shanxi hadi majimbo ya kaskazini-mashariki, ambako ngano ndiyo chakula cha kila siku zaidi ya wali. Mimi nilijifunza nikiwa mwanafunzi Jinan, mji mkuu wa Shandong, kwa mama mmoja jirani aliyekuwa akiipika mara kwa mara majira ya kuchipua yalipoanza. Wenyeji husubiri wakati huo kwa hamu, maana jiucai ya kwanza baada ya baridi ni laini na tamu. Ikifika kiangazi majani hukomaa, yakawa magumu na makali.

Jiucai yenyewe ni ya jamii ya vitunguu. Majani yake ni bapa na membamba, na harufu yake inaelekea kwenye kitunguu saumu. Mkiwa mahali isipopatikana, tumieni majani mabichi ya vitunguu pamoja na punje moja ya saumu iliyosagwa. Ladha haitakuwa ileile, lakini mkate utakuwa mtamu.

Tuanze na unga ili upumzike wakati unashughulikia mboga. Pima gramu 300 za unga mweupe wa ngano, tia chumvi kidogo, kisha mimina mililita 120 za maji yanayochemka huku ukikoroga kwa vijiti au mwiko. Ukishakuwa mabonge mabonge, ongeza maji baridi kama mililita 70, kidogo kidogo, ukande. Maji ya moto huivisha sehemu ya wanga na kulegeza ule mvuto wa unga, ndiyo maana donge halirudi nyuma ukilisukuma na mkate haukakamai ukipoa. Ukitumia ya moto peke yake donge linanata na kuchanika. Ukitumia baridi peke yake linakuwa gumu kwa kazi hii. Liwe laini kuliko donge la chapati. Lifunike kwa nusu saa, hata zaidi.

Sasa mboga, na hapa usiwe na haraka. Osha jiucai gramu 250 mapema, kama unaweza saa mbili tatu kabla, uitandaze juu ya kitambaa hadi iwe kavu kabisa. Ikikatwa ikiwa na maji ya kuoshea, umeshapoteza vita. Wakati inakauka, loweka gramu 50 za tambi za choroko kwenye maji ya vuguvugu hadi zilainike, zichuje vizuri, uzikate ndogo. Kaanga mayai 3 au 4 huku ukikoroga bila kuacha ili yawe chembechembe, kisha yaache yapoe. Narudia: yapoe. Mayai ya moto huivisha majani, na majani yakianza kuiva bakulini hutoa maji papo hapo. Tambi hizo ndizo msaidizi wako, kwa sababu hunyonya unyevu utakaotoka baadaye, kwa hiyo usizilainishe kupita kiasi.

Kata jiucai vipande vya nusu sentimita na mara moja uipake vijiko viwili vya mafuta ya ufuta. Mafuta yanayafunika majani, na chumvi haiyafikii upesi. Changanya na mayai, tambi, na kijiko cha uduvi wakavu kama unapenda. Uduvi wetu wa pwani unafaa kabisa hapa. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, wakati matonge yameshakatwa na kikaango kiko tayari.

Ukitumia kabichi au mamung'unya badala ya jiucai, mambo yake ni tofauti. Hizo kwaruza au katakata, nyunyiza chumvi, zikae dakika 10, kisha zikamue kwa nguvu zako zote ndani ya kitambaa. Spinachi ichovye kwenye maji yanayochemka, ipoze, ikamue vilevile. Mamung'unya na mayai ni mchanganyiko ninaoupenda sana wakati wa joto.

Gawa donge matonge ya gramu 50 hivi. Sukuma kila moja duara, kingo ziwe nyembamba kuliko katikati, weka vijiko viwili vya mchanganyiko upande mmoja, kunja na ubane kingo. Usiguse kingo kwa mkono wenye mafuta, hazitashikana. Tengeneza chache na upike, kisha uendelee. Zikipangwa zote zikisubiri, zitalowa chini.

Moto uwe wa wastani. Pakaza mafuta kidogo, panga, funika. Mfuniko ni muhimu: mvuke huivisha unga bila kuhitaji mafuta mengi. Dakika 3 hivi kila upande, hadi mabaka ya dhahabu yatokee na mkate utune. Ukitaka mkate wa mviringo, ule unaoitwa xianbing, kusanya kingo juu, bana, geuza mbano uwe chini, kisha bonyeza kwa kiganja taratibu.

Kwa Waislamu walioko China niseme jambo moja. Mkate wa mboga wa barabarani unaweza kuwa umepikwa kwa mafuta ya nguruwe, au kwenye kikaango kilekile cha mikate ya nyama ya nguruwe. Tafuta duka lenye kibao cha qingzhen, yaani halali, au pika mwenyewe. Na anayempikia Mbudha anayeshika miiko ya chakula aweke kabichi na uyoga, kwani jiucai ni miongoni mwa mboga tano kali ambazo watu hao hawali, na wengi wao hawali mayai pia.

Kula ikiwa moto moto, na siki nyeusi ya Shanxi inayotengenezwa kwa mtama, pamoja na pilipili ya mafuta. Iliyobaki ipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo. Usigandishe mbichi: jiucai ikiyeyuka kutoka kwenye barafu hutoa maji yote uliyoyazuia, na hakuna unga utakaoyastahimili.