Nimehamia Ubuntu, Microsoft 365 inaisha: faili zangu je?

SWALI: Nimeondoa Windows na kuweka Ubuntu. Usajili wangu wa Microsoft 365 unaisha mwezi ujao. Nitapoteza faili? Word nitaipataje?

JIBU: Usajili umefungwa kwenye akaunti yako, si kwenye mashine, hivyo bado ni wako. Ila Word ya kusakinisha haina toleo la Linux, mfumo ambao Ubuntu ni aina yake. Ingia kwa akaunti ileile kwenye kivinjari utumie Word ya mtandaoni, ambayo ni ya bure hata usajili ukiisha.

Cha kuhofia ni OneDrive, hifadhi ya faili ya mtandaoni ya Microsoft. Nafasi itarudi GB 5. Ukiwa umezidisha, utapakua tu, hutapakia kipya. Ukikaa hivyo miezi 6, Microsoft inaweza kufuta faili zako. Tafadhali usisubiri: nakili zote kwenye diski ya nje wiki hii.

Zima pia malipo ya kujirudia ndani ya akaunti, maana kuondoa Windows hakusimamishi makato ya kadi.

LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, hufungua docx (faili za Word) vizuri, lakini kurasa huhama pale fonti ya Calibri inapokosekana. Sakinisha kifurushi cha fonti fonts-crosextra-carlito, herufi zake zina upana uleule wa Calibri.